Bonde la Mbele

Saa tisa na nusu, Mjimwema. Upepo wa kusi umekaza,
minazi yote imelaza nywele upande mmoja
kama wasichana waliosukwa na fundi mmoja.
Sikudhani anakagua: filimbi, jaketi,
simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.
Kisha ananyoosha kidole mguuni pangu.
"Ugwe?"
Naufunga. Kila mara anauliza, kila mara nanuna.

Mimi ni karani wa bima. Mchana kutwa, pale Samora,
nahesabu ajali za watu wengine,
natia muhuri, nakunywa chai iliyopoa.
Nani angedhani ningenunua mtumbwi
mwembamba kama ganda la kunde,
mrefu kuliko sebule yangu,
mwepesi kuliko mwanangu wa darasa la tatu,
unaoketi juu yake, si ndani yake,
na usipokaa sawa unakutema.

Ulinitema mwezi mzima.

Namwandikia Mwasiti: Tunatoka. Kumi na moja na nusu tuwe Coco.
Ikipita hapo, piga ile namba.
Anajibu neno lake la siku zote: Haya.

Nje ya miamba bahari inabadilika.
Tezi inanyanyuka,
wimbi linaingia kwa nyuma bila hodi,
linanibeba begani,
nami napiga kafi, moja, mbili, tatu,
kisha sipigi.
Sipigi!
Mtumbwi unateleza wenyewe,
maji yanapasuka huku na huku ya mapaja,
na mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili,
nacheka kama niliyefutiwa deni.

"Usigeuke nyuma," Sikudhani alinifunza.
"La nyuma litakufikia tu, halihitaji ruhusa yako.
Tazama mbele. Tafuta bonde.
Maji yakizama, zama nayo."
Basi natoka bonde naingia bonde,
kushoto kidogo, kulia kidogo,
vidole vya miguu vikiamrisha usukani,
wimbi hili likinikabidhi kwa lile
kama kichanga kwenye shughuli, mikono kwa mikono.

Kwenye mkondo wa meli tunasimama,
kama mtu anavyoweza kusimama juu ya maji yanayokwenda.
Meli ya makontena inaingia bandarini,
ndefu kama mtaa, haina breki.
Tunasubiri, makafi yamelala bapa.
Furaha nayo ina foleni.

Ilipopita, mawimbi yake yakaja kwa ubavu.
Nilikuwa natazama majina ya makontena. Nikaenda.

Chini ni kijani. Kimya. Chumvi hadi kwenye mawazo.
Nilipoibuka mtumbwi ulikuwa umeshapinduka, tumbo juu,
upepo umeushika kiuno,
unakwenda zake Bagamoyo bila mimi,
mara ugwe ukanyooka. Ukanivuta mguu.
Mtumbwi ukasita.

Kazini hatuna fomu
ya jambo ambalo halikutokea.

Sikudhani amezunguka, yuko karibu, omo yake upeponi,
hasemi kitu (namjua: atasema nchi kavu).
Kifua kwanza. Makalio. Miguu mwisho.
Natema bahari kidogo.
Natafuta bonde.

Coco, saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili.
Watu wanakula mihogo, hawajui tumetoka wapi.
Mtoto mmoja anauliza kama hii ni ndege iliyokatwa mabawa.
Vidole vinatetemeka, naandika: Tumefika.
Haya, anajibu. Kisha anaongeza:
Na viatu vyako?

Viatu viko Mjimwema, juu ya mwamba,
na funguo za gari ndani ya kile cha kushoto.
Sikudhani anacheka mpaka anakaa mchangani.

Tunarudi kwa pantoni, pekupeku,
tukivuka polepole maji yale yale, tumesimama na watu wazima wenzetu,
na mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua
ananigusa bega: "Baba, unaburura kamba."
Natazama.
Ugwe, bado uko mguuni.